Mume Wangu Amepumzika

Kabla chai haijachemka, Magige aliwapanga mstari mkewe Elieth na mpishi wao Kezia mbele ya jiko la mkaa, akawauliza kama kuna aliyeamka na kizunguzungu, aliyegombana na mtu, au aliyekunywa pombe jana yake. Kezia, ambaye alikuwa mlokole, akasema hakunywa. Elieth akasema kugombana bado, lakini siku ilikuwa ndefu. Magige akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa kamili, akavaa kizibao chake cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa, akatangaza kwamba kazi inaweza kuanza.

Hivyo ndivyo walivyofanya kule mgodini Nyamongo, na yeye hakuona kwa nini mgahawa wa Mugumu ukae bila utaratibu. Alikuwa ameendesha malori ya mgodini, yale ambayo dereva hupanda ngazi ili aufikie usukani, na miaka ya mwisho akawa msimamizi wa usalama. Muda wote huo alikuja nyumbani kwa mapumziko mafupi. Alikula vizuri, akalala, akarekebisha bawaba ya mlango, akaondoka, na kila alipoondoka Elieth alilia. Sasa mkataba ulikuwa umekwisha, Magige amerudi moja kwa moja, na Elieth amegundua kwamba mume wa siku chache na mume wa kila siku ni watu wawili tofauti.

Mgahawa ulikuwa ubavuni mwa nyumba yao, si mbali na stendi. Wateja walikuwa makondakta, bodaboda, mafundi, na watu wa ofisini waliopenda supu ya asubuhi. Magige aliwakataza bodaboda kuegesha pikipiki karibu na mlango, kwa sababu moto ukitokea watu watapita wapi. Alichora mstari mweupe sakafuni, akaagiza kwamba mwenye supu ya moto apite kulia na asiye na supu apite kushoto. Fundi viatu mmoja aliyevuka mstari na bakuli lake alirudishwa mlangoni aanze upya. Na kwa kuwa Magige alisimama wima kando ya jiko kutwa nzima, kizibao kikiwaka, akitazama mikono ya kila mtu, wateja wengi walidhani ni bwana afya aliyetumwa kumchunguza Mama Robi. Hilo ndilo jina la Elieth pale mjini, kwa ajili ya binti yake aliyeolewa Mwanza. Walimwonea huruma sana, wakaenda kunywa supu kwingine ili wasije wakaitwa mashahidi.

Elieth hakutaka kumvunjia heshima mumewe. Alijua kwamba mwanaume aliyezoea kuamrisha malori kwa redio, ukimwambia akae tu, unamzika. Lakini aliona pia kwamba mji mzima wa Mugumu hauwezi kukosa mahali pa kumweka mwanaume mmoja kuanzia chai mpaka jioni. Akaanza kuulizia.

Alianza kanisani, kwa sababu mwalimu wa kwaya, dada mmoja aitwaye Teresia, alikuwa akilalamika siku nyingi kwamba sauti ya nne imepungukiwa. Magige alifurahi, akaenda na buti zake za kazi. Wimbo wa kwanza alikaa kimya. Wimbo wa pili akanyoosha mkono, akaeleza kwamba mabenchi yameziba mlango wa pembeni. Mabenchi yakahamishwa. Kisha ukaja waya wa kinanda uliopita katikati ya njia, kisha jukwaa ambalo wanakwaya walilipanda wote kwa pamoja bila kujua linabeba uzito gani. Mazoezi yakaisha wimbo wa tatu haujaguswa. Kesho yake Teresia alifika mgahawani, akamvuta Elieth pembeni.

"Mama Robi, Baba Robi ana sauti nzuri," alisema. "Ila sisi tunaona Mungu amempa kipaji kingine."

"Kipi hicho?"

"Ndiyo bado hatujakijua."

Baada ya kwaya ukaja mpira. Kulikuwa na wazee waliokutana jioni kucheza, wakijiita maveterani, na nahodha wao alikuwa mteja wa supu. Siku Magige alipokwenda walikuwa wanangojea mechi na wageni kutoka Mbalibali. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye goli, akaugonga mlingoti, akasema umeliwa na mchwa. Nahodha akasema umeliwa miaka yote na haujamdhuru mtu. Magige akautikisa kidogo kumwonyesha, ukadondoka, na ule mwingine ukaufuata kama mke mwema. Wageni wa Mbalibali walirudi kwao na jezi zao safi. Kwa wiki nzima maveterani waliokuja kunywa supu walimuuliza Elieth kama goli limeshazikwa.

Akajaribu ofisini, kwa dada wa maendeleo ya jamii, binti mpole aliyempa kiti. Dada aliuliza mzee ana ujuzi gani. Elieth akasema wa kuzuia ajali. Dada akauliza ajali zipi, na Elieth, aliyekuwa amechoka, akajibu kwamba ni zile ambazo bado hazijatokea. Binti akafikiri. Akaeleza kwamba kuna vikundi vya akina mama, vya vijana na vya watu wenye ulemavu, lakini mzee mwenye nguvu zake hakuwekewa kikundi. Akamshauri arudi ikiwa mume wake ataingia katika mojawapo ya makundi hayo.

Kilichomaliza kila kitu ni maandazi. Magige aliona Kezia akikaanga amevaa ndala, akaziweka ndala kabatini, akampa gambuti alizozitoa Nyamongo pamoja na kofia ngumu ya plastiki, kwa ajili ya mafuta yanayoruka. Kezia alivaa kwa sababu alifundishwa kutii wakubwa. Alivumilia vijana wa stendi waliomwita injinia, akavumilia joto, mpaka jioni moja alipoivua ile kofia na kuiweka mezani taratibu.

"Mama, wewe nakuheshimu, na baba namheshimu," alisema. "Lakini mchumba wangu alipita hapa jana na hakunitambua. Aliponitambua akacheka, na mpaka leo anacheka."

Elieth akamsindikiza hadi barabarani akimbembeleza. Aliporudi alimkuta mumewe akiikagua kofia kama ina ufa.

*

Alfajiri Elieth aliamua kwenda Manchira kununua perege kwa wavuvi wa bwawani, maana bila mpishi mgahawa usingefunguliwa na angalau samaki angewauza wabichi. Huku akingoja bodaboda, alikumbuka lile kundi la simu liitwalo Huduma na Matangazo Mugumu. Watu walilitumia kutafutia mafundi bomba, mbuzi waliopotea na vyumba vya kupanga, na walijibiwa. Yeye aliona aibu kutangaza shida ya ndani mbele ya mji mzima, kwa hiyo alichagua maneno kwa uangalifu. "Yupo tu nyumbani" aliona ni kumdhalilisha. "Amestaafu" lilikuwa neno la walimu. Mwisho akaandika hivi:

"Habari za asubuhi wapendwa. Mume wangu amepumzika baada ya miaka mingi ya kazi Nyamongo. Naomba mnielekeze, shughuli za wazee hapa kwetu zinaendeshwaje na nani wa kumwona. Nimeelemewa. Mama Robi wa mgahawa."

Akausoma ujumbe wake, akaona una heshima. Simu ilikuwa karibu kuzima, akaichomeka kwenye chaji juu ya kabati la mgahawa, akafunga mlango, akapanda pikipiki. Magige alikuwa uani akiifunga upya kamba ya kisima, akimweleza ilivyofungwa vibaya. Elieth hakumjibu. Hakumuaga pia.

Yaliyofuata hakuyaona, lakini alisimuliwa na watu wengi sana, mpaka akayajua kama aliyekuwepo.

Wa kwanza kufika alikuwa Bibi Felista, muuza ndizi wa sokoni, ameshika mkongojo na kanga imefungwa kiunoni. Magige alimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa, mama," alijibu Magige, akidhani anapewa pole ya mgahawa kufungwa.

Nyuma ya Felista wakaja wanawake wenye kuni na masufuria. Wakaja vijana na guta lililojaa viti na turubai. Simu ya Elieth ilikuwa ikiita na kuita ndani ya mgahawa uliofungwa, na kila aliyepiga akakosa jibu alisema maskini, hata simu hawezi kushika. Magige akaelewa kwamba kuna msiba. Alifikiri ni wa ndugu wa mkewe na kwamba Elieth kwa hasira za jana hakumwambia. Angeuliza, ila vijana walikuwa wanasimika nguzo ya turubai chini kabisa ya waya wa umeme.

Aliwasimamisha. Akalihamisha turubai, kisha moto wa kupikia, kwa sababu upepo ulikuwa unaupeleka kwenye turubai. Pikipiki zikageuzwa zitazame barabarani. Wabeba maji wakapewa njia yao, wabeba kuni njia yao, na watoto wakatengewa kivuli mbali na masufuria. Watu walitii bila ubishi, maana kila mtu aliyewahi kuhudhuria msiba anajua namna watu mia wanavyosimama pale pale penye njia. Waliulizana huyu mwenye kizibao ni nani. Mmoja akasema mgodi umemtuma kusimamia mazishi ya mtumishi wake, na wote wakaona ni jambo la kiungwana.

Mambo yalipotulia ndipo Magige alipoinama kwa Felista.

"Samahani mama, aliyefariki ni nani hasa?"

"Mume wa Mama Robi."

"Mama Robi huyu wa mgahawa?"

"Huyuhuyu."

Magige akakaa. Bahati nzuri kiti kilikuwa karibu. Akamuuliza bibi kama alimfahamu marehemu. Felista akafuta macho, akasema hakuwahi kumwona, na kusema kweli hakujua kama Mama Robi ana mume. Lakini alipovunjika mguu, Mama Robi alimpelekea uji kila asubuhi mpaka akasimama, kwa hiyo angekuja kumlilia hata kama angefiwa na ng'ombe.

Hapo ndipo angesema.  Badala yake aliinuka, akapita katikati ya viti akijifanya anavinyoosha mistari, na kumbe anatafuta mtu mmoja tu wa kusema neno moja juu yake, ndipo awakatize. Wanaume walizungumza bei ya mahindi. Wengine walisema marehemu alipandwa na presha kwa ajili ya bwana afya mmoja mkorofi aliyeuandama mgahawa wa mkewe. Kila alipopita alisikia jina la Mama Robi, na namna alivyokopesha chakula, na namna alivyomuuguza fulani. La kwake hakulisikia popote.

Nchagwa, mwenyekiti wa kitongoji, kijana aliyechaguliwa karibuni, alimfuata akampa mkono.

"Shikamoo mzee. Naona hapa wewe ndiye msimamizi. Una uhusiano gani na marehemu?"

"Tulikuwa karibu."

"Basi nisaidie wasifu wake. Hilo la kazi ya Nyamongo tunalo. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Magige alitazama turubai. "Alikuwa mtu wa utaratibu."

"Na kingine?"

"Hakuwahi kupata ajali."

Nchagwa akasema kwa upole kwamba hilo ni jema, ila litakuwa fupi, na watu wangependa kusikia kitu ambacho mjane atakikumbuka. Magige akajibu kwamba hapo itabidi wamngoje mjane mwenyewe.

*

Elieth alikuwa nyuma ya bodaboda na beseni la perege mapajani alipoliona turubai. Aliona kwanza pikipiki nyingi zimepangwa safi, zote zikitazama barabara. Kisha akasikia kwaya. Teresia na watu wake walikuwa wanaingia kwa upande wa pili, polepole, wakiimba wimbo wa kuaga. Alifikiri ni kwa jirani. Pikipiki ikakaribia, na mlango ulioketiwa na wanawake ukawa mlango wake.

 Alikuwa amemwacha mzima, kisimani, akisema juu ya kamba. Kamba, akawaza. Kisima. Alikumbuka kwamba alikuwa akimjibu moyoni tu na kwamba hakumuaga, na kwamba jana usiku alimwomba Mungu amwondoe mzee yule nyumbani hata kwa nusu siku. Beseni likamtoka. Samaki wakatawanyika vumbini, na Elieth akashuka kabla pikipiki haijasimama, mikono kichwani, akilia kwa Kikurya kama mamake alivyomlilia babake. Wanawake wakamkimbilia wamshike. Akawaponyoka, akayasema mbele za watu wote maneno ambayo hakujua kwamba anayo.

"Rudi, Baba Robi. Rudi upange chochote unachotaka. Chora mistari nyumba nzima."

Umati ukapasuka katikati. Mtu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa alikuwa anakuja mbio, na mbio zenyewe zilikuwa kinyume cha mafundisho yake yote kuhusu mahali penye msongamano. Elieth akamtazama. Kilio kikakatika. Akamshika kizibao kwa mikono miwili, akamtikisa kwa nguvu.

Magige akawageukia watu.

"Ndugu zangu, naomba radhi," alisema. "Marehemu ni mimi."

Wimbo ulikufa sauti moja moja. Teresia aliacha wa kwanza. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja wa sauti ya nne aliyekuwa amefumba macho, naye akaendelea peke yake mpaka alipoguswa bega.

Elieth aliuliza nani aliyetangaza uongo huu. Nchagwa, kwa adabu zote, akatoa simu yake akausoma ule ujumbe kwa sauti, tangu habari za asubuhi hadi nimeelemewa. Alipofika kwenye "amepumzika" Elieth akajifunika uso kwa kanga. Watu wakatafuta mahali pa kutazama. Waliotoka mbali walitazama viatu vyao. Kisha Bibi Felista akaanza kucheka, kicheko cha kifuani cha mtu asiye na meno ya kukizuia, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia, hata Nchagwa mwenye cheo.

Felista huyohuyo ndiye aliyekata shauri. Mtu akililiwa naye yu hai, alisema, watu wasiondoke na njaa, la sivyo machozi yatawafuata majumbani. Kama desturi hiyo ilikuwa ya Kikurya au aliitunga papo hapo, hakuna aliyemuuliza. Samaki wakaokotwa, wakaoshwa mara nyingi. Kezia, aliyekuwa amefika nyuma ya kwaya akilia na kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyemuua mzee kwa kuacha kazi, akafuta machozi, akashika sufuria ya mafuta. Alikuwa amevaa ndala. Magige aliziona, kila mtu alimwona akiziona. Akageuka akaenda kuhesabu viti.

Walikula ugali na perege mpaka jua likapungua. Watu walimjia mmoja mmoja kumpa mkono, kumpongeza kwa kufufuka na kumuuliza jina. Fundi viatu akamwomba radhi kwa kumdhania bwana afya. Kabla hajaondoka, Nchagwa alimketisha pembeni, akamwambia kwamba misiba ya kitongoji imekuwa aibu, mwezi uliopita turubai liliwaangukia wakwe wa watu katikati ya sala. Akaomba mzee akubali kuwa msimamizi wa shughuli zote, za kilio na za furaha. Magige alijibu kwamba atafikiri, na papo hapo akauliza inayofuata ni lini.

*

Ikawa hivyo. Watu wa Mugumu wanakufa na kuoana kama watu wengine, na mara Magige akaanza kuitwa mpaka Natta na Mbalibali. Aliondoka baada ya chai na kizibao chake, akarudi jioni na habari za watu. Bodaboda wakarudisha pikipiki mlangoni. Kezia alikubali gambuti kwa siku za kukaanga tu, bila kofia. Mstari mweupe ulififia chini ya miguu ya wateja, na siku moja Elieth alijikuta anapita kulia na supu ya moto bila kuambiwa na mtu.

Lakini Magige alikuwa na neno lililomkaa. Elieth aliliona kwa jinsi alivyonyamaza akitoka misibani, hasa misiba ambayo wasifu wake ulikuwa mrefu. Jumapili moja isiyokuwa na kilio wala harusi, walikuwa wawili uani, Elieth akichambua mchele, yeye amesimama akizikagua kuta.

"Siku ile Nchagwa aliniuliza jambo," alisema. "Nikamwambia akungoje wewe."

"Jambo gani?"

"Marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Jambo ambalo mkewe angelikumbuka." Alikwangua rangi ukutani kwa ukucha. "Ungemjibu nini?"

Elieth aliendelea kuchambua. Angeweza kumpa la kumfurahisha, yapo mengi ya kuwaambia watu juu ya mtu aliyekufa. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Ningemwomba aahirishe mazishi."

"Kwa nini?"

"Mtu mwenyewe nimeanza kuishi naye juzi. Ningesema nini, kwamba anajua kurekebisha bawaba?"

Magige alilipima jibu hilo kama alivyopima kila kitu, akitafuta mahali linapoweza kumdondokea mtu. Hakupata.

"Kwa hiyo bado," alisema.

"Bado," alisema Elieth, akamsogezea kigoda kwa mguu. "Kaa kwanza."

Akakaa.